Sura ya Nne: Maadili ni ya Nini, na Nani Huyalipia

Watu wawili wasiojuana wamewekewa fedha mezani. Wa kwanza ameambiwa azigawe apendavyo: atoe nusu, atoe robo, atoe hata sarafu moja. Wa pili ana neno moja tu la kusema, nakubali au nakataa. Akikubali, kila mmoja anachukua fungu lake. Akikataa, fedha zote zinarudi zilikotoka na wote wawili wanaondoka mikono mitupu. Hakuna mkupuo wa pili, na hakuna atakayeambiwa alicheza na nani.

Matokeo ya kwanza ya mchezo huu yalichapishwa na wanauchumi watatu wa Kijerumani mwaka 1982. Kwa hesabu ya mtu anayetazama faida yake peke yake, mgawaji angetoa kidogo kabisa, na mpokeaji angekubali, maana kidogo kinazidi kukosa. Watu hawakucheza hivyo. Wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani walitoa fungu kubwa, mara nyingi karibu na nusu, na waliopewa chini ya sehemu moja ya tano walikataa mara kwa mara. Walikuwa radhi kupoteza fedha zao wenyewe ili mchoyo asifaidike.

Kwa miaka kadhaa wasomi walidhani wameona hulka ya wanadamu wote. Kisha mwanaanthropolojia kijana, Joseph Henrich, akaupeleka mchezo kwa Wamachiguenga wa misitu ya Peru. Wale walitoa kama robo, na waliopewa kidogo walipokea bila kinyongo. Hawakuona sababu ya kumkomoa mtu aliyebahatika kupewa nafasi ya kugawa. Tofauti hiyo ikazaa mradi mkubwa: jamii ndogo 15 katika nchi 12, za wawindaji, wafugaji, wavuvi na wakulima. Tatu kati yake ni za Afrika Mashariki, yaani Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Wasangu wa Mbeya, na Waorma wa bonde la Mto Tana nchini Kenya.

Katika jamii zote hizo hakuna hata moja iliyocheza kama vile vitabu vya uchumi vilivyotabiri. Lakini hazikucheza sawasawa pia. Wavuvi wa Lamalera huko Indonesia, ambao huwinda nyangumi kwa mashua zinazohitaji watu wengi, na ambao kila kipande cha mnyama kina mwenyewe anayejulikana tangu zamani, walitoa zaidi ya nusu kwa wastani. Waorma wengi walitoa nusu kamili. Wahadzabe walitoa kama theluthi tu, na hawakuona haya kukataa kiasi kidogo.

Matokeo ya Wahadzabe yanastahili kutazamwa vizuri. Hawa ni watu ambao mnyama mkubwa akiuawa, nyama yake huliwa na kambi nzima. Msomi akiwasoma vitabuni huwaona kama kielelezo cha ukarimu wa kale. Mbona basi, walipogawa kwa siri, walibana mkono? Jibu la Frank Marlowe, aliyeishi nao kwa miaka mingi, ni kwamba mgawanyo wa nyama porini hautokani na upole wa mgawaji peke yake. Aliyeua swala anajua macho ya kambi yako juu yake, na wanaokuja kuchukua sehemu yao hawaombi kwa unyenyekevu. Wanadai, maana wanajua ni haki yao. Mchezo uliwapa nafasi ya kugawa bila kuonekana, na tabia ikabadilika. Hilo halimaanishi kwamba wema wao ni wa uongo. Linatuonyesha mahali wema huo unapokaa: katikati ya watu, katika kudai na kudaiwa, na si ndani ya kifua cha mtu mmoja anayebeba ukarimu wake popote aendapo.

Kwa Waorma kulitokea jambo lingine. Jean Ensminger, aliyekuwa amewatembelea na kuishi nao kwa miaka mingi, aliwapa mchezo tofauti kidogo. Kila mchezaji anapewa fedha, na anaweza kutia yoyote anayotaka katika mfuko wa pamoja. Kilichomo mfukoni huongezwa maradufu, kisha hugawiwa sawa kwa wote, aliyechangia na asiyechangia. Mjanja atabaki na zake na kula za wenzake. Waorma walipoelezwa kanuni hizo waliutambua mara moja. Wakaupa jina: mchezo wa harambee. Walichanga zaidi ya nusu ya fedha zao kwa wastani, na kama robo ya wachezaji walitia kila kitu. Walikuwa wamekwisha kuishi na jambo lile kabla hajaja mgeni na karatasi zake, kwenye michango ya shule na barabara, ambako majina ya waliotoa na wasiotoa hujulikana.

Naanza na michezo hii kwa sababu inatutoa katika mabishano mawili ambayo yameuchosha mjadala wa maadili. Wapo wanaosema maadili ni amri zilizokwisha kuandikwa, ambazo kazi yetu ni kuzifuata. Wapo wanaosema ni mazoea tu, kila kabila na yake, kama mapishi. Ushahidi wa jamii 15 unaitikisa kila kauli. Jamii isiyojali haki hata kidogo haikuonekana popote. Na sura ambayo haki ilichukua ilifuatana na kazi ambazo watu hufanya pamoja: wanaotegemeana sana katika riziki, na wanaozoea kuuziana na kununua na watu wa mbali, walitoa zaidi kwa wasiyemjua. Maadili yanatengenezwa kazini, na watu wanaohitajiana.

Twende Kilimanjaro tuione kazi yenyewe. Wachagga walichimba mifongo, mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya mlimani hadi vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya nyumbani, kabla Mzungu hajafika. Mfongo huanzia kwenye banio la mawe, udongo na magogo ya migomba, kisha hupita ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, wakati mwingine kilomita kadhaa. Ukoo wa aliyeuchimba huheshimiwa kama wenye mfongo. Mvua kubwa ikibomoa banio, kila mtumiaji hutakiwa atoke na jembe. Asiyetoka hutozwa faini, na asipolipa hukoseshwa zamu. Zamu zenyewe hupangwa kwa saa, na maji ya usiku hukusanywa katika bwawa dogo yasipotee.

Fikiri jinsi mpango huu ulivyo rahisi kuvunjika. Mwenye kihamba cha juu anaweza kufungulia maji usiku wakati wa chini amelala. Kila mmoja anaweza kujiambia kwamba wengine watatosha kulitengeneza banio. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya wote haina budi kuharibiwa, kwa kuwa kila mtumiaji huvuna faida peke yake na hasara huigawa kwa wote. Alidhani dawa ni mbili tu: serikali iimiliki au igawiwe watu binafsi. Elinor Ostrom alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Hardin aliwasahau watu wanaozungumza. Alikusanya habari za malisho ya milima ya Uswisi ambayo kanuni zake zimeandikwa tangu karne ya 15, za mifereji ya Uhispania na Ufilipino, za misitu ya Japani. Mahali ambapo watumiaji wenyewe walitunga kanuni, wakachagua wasimamizi wao, wakaanza na adhabu ndogo kabla ya kubwa, mali ya wote ilidumu karne nzima na zaidi. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Hapo ndipo naona kazi ya kwanza ya maadili. Mwanafalsafa wa Kiingereza Geoffrey Warnock aliieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1971. Hali ya binadamu, alisema, ina mwelekeo wa kuharibika yenyewe. Mahitaji ni mengi na vitu ni vichache, tunayoyajua ni machache, na zaidi ya yote, huruma yetu ni fupi: inawafikia watoto wetu, ndugu zetu, jirani, kisha inachoka. Maadili yapo ili kuirefusha huruma hiyo, au kufanya kazi yake pale ambapo haifiki. Sihitaji kumpenda mtu wa kihamba cha chini. Nahitaji kujua kwamba saa yake ni yake, na nione vibaya kuiba maji yake hata kama hatanikamata.

Kuona vibaya ndiyo sehemu ambayo faini haiwezi kuileta. Faini humkamata anayeonekana. Lakini usiku ni mrefu na mfereji una kona nyingi, na mfongo ungekauka zamani kama kila mtumiaji angengojea kuonekana. Kwa hiyo watoto hulelewa kuona haya na kuwaza wengine watasema nini, mpaka siku moja mtoto anajiona mwenyewe kwa jicho lile la wengine. Charles Darwin, mwaka 1871, alifikiri dhamiri ilichipuka hivyo kwa mnyama yeyote mwenye hisia za kijamii akishapata akili ya kukumbuka na kulinganisha. Sina ugomvi naye.

Msomaji mwenye imani huenda amekwisha kukunja uso. Je, nimeyafanya maadili kuwa chombo cha kugawia maji? Amri ya Mungu iko wapi?

Swali hili lina historia ndefu, nami siwezi kulipita juu juu mbele ya wasomaji ambao wengi wao huanza siku kwa sala. Plato alimfanya Socrates aliulize katika mazungumzo yanayoitwa Euthyphro: jema ni jema kwa kuwa miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa kuwa ni jema? Zaidi ya miaka 1,000 baadaye swali hilo hilo liliwagawa wanazuoni wa Basra na Baghdad. Wamuutazila walishika kwamba akili inaweza kujua uovu wa dhuluma hata kabla ya wahyi, na kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, haamuru dhuluma. Abu al-Hasan al-Ash'ari alikuwa mwanafunzi wao, kisha akawaacha. Aliogopa kwamba wanampangia Muumba mipaka. Kwake, tendo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, na hakuna mizani nyingine juu ya hiyo. Mkondo wa al-Ash'ari ndio uliokuja kuenea zaidi, hata katika pwani yetu.

Sina cheo cha kuhukumu kati yao. Naliona jambo moja ambalo pande zote hulitenda, hata zikikana kwa maneno. Muumini anapomshukuru Mungu kwa uadilifu wake, anasema neno lenye maana. Angekuwa anasema tu kwamba Mungu anafanya afanyayo, shukrani hiyo ingekuwa tupu. Na anapokutana na mhubiri anayehalalisha kumdhulumu yatima, hasemi kwanza ngoja nitafute aya. Moyo wake unakataa mara moja, kisha ndipo anatafuta aya, na anaipata. Dini imewapa watu wengi nguvu ya kutenda haki pale palipokuwa na hatari. Mimi nauliza lile ambalo mwenye dini na asiye nayo hulihitaji wote wawili wanapokaa kwenye mfongo mmoja: kanuni hii ni ya nini, na tutajuaje ikiwa imekosea?

Maana kanuni inaweza kufanya kazi yake barabara na ikawa imekosea. Mfongo wenyewe ni shahidi. Mikutano ya kugawa zamu kwa muda mrefu ilikuwa ya wanaume. Wanawake ndio waliopalilia na kuchota maji ya kupikia na kuogeshea watoto, na saa zao zilipangwa na watu wasiobeba ndoo. Mpango ulifanya kazi. Migomba ilistawi. Anayeangalia kwa mbali angesema hapa pana jamii yenye maadili mema, na angesema kweli, ila asingekuwa amemuuliza mtu aliyebeba ndoo.

Mfano mzito zaidi uko pwani. Katika karne ya 19, Unguja na Pemba ziligeuka mashamba ya karafuu, na Malindi na Mombasa zikalima nafaka za kuuza ng'ambo, kwa mikono ya watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara: kutoka Ziwa Nyasa, kutoka Umanyema, kutoka Uzaramo na kwingineko. Wenye mashamba hawakuwa watu wasio na maadili. Hilo ndilo linalotisha. Walikuwa na adabu iliyopimwa hadi namna ya kushika kikombe. Walisali, walifunga, walitoa sadaka, walilea mayatima wa ukoo wao. Hata utumwa wenyewe ulikuwa na kanuni zake za wema: bwana alitakiwa amlishe mtumwa wake, amvishe, amwoze, ampe kiwanja cha kulima chakula chake. Kumwacha huru mtumwa ulikuwa ucha Mungu, na wengi waliandika hati za uhuru walipokaribia kufa. Kijana aliyelelewa katika nyumba zao alijifunza huruma kila siku, na hakuna siku aliyofundishwa kushangaa kwamba mtu anamilikiwa.

Kwa kipimo cha Warnock maadili yale yalifaulu. Mji ulikaa kwa amani, biashara ikaendelea na waungwana wakaaminiana. Utaratibu ulitembea, na gharama yake ikabebwa na watu waliokatazwa kuvaa viatu na kofia.

Siku hizi mtu akiyasema haya huambiwa tusiwahukumu wazee kwa mizani ya leo. Zama zile watu wote waliuona utumwa kuwa jambo la kawaida. Watu wote ni akina nani? Watumwa pia walikuwa watu wa zama zile. Walikuwa wengi, na maoni yao tunayajua, kwa sababu waliyasema kwa miguu. Walitoroka mashamba ya Malindi na kujenga vijiji vyao bara. Wengine walikimbilia Witu, wengine wakafuata Mto Juba na kuanzisha makazi msituni. Waliitwa watoro, na kila kijiji cha watoro kilikuwa hukumu iliyotolewa na watu wa wakati ule, kwa mizani ya wakati ule, juu ya wema wa mabwana zao. Anayesema hakuna aliyejua kwamba ni makosa amewahesabu mabwana peke yao.

Ndiyo maana nakiamini kipimo cha pili, nacho ndicho ninachotaka msomaji abaki nacho katika sura hii. Kanuni ya maadili haitoshi kufanya jamii iende. Lazima iweze kuelezwa kwa yule anayeilipia, ana kwa ana, kwa sababu ambazo naye angekuwa na haki ya kuzikubali au kuzikataa. Kanuni ya zamu ya maji inaweza kuelezwa kwa mtu wa kihamba cha chini: leo wewe unangoja, kesho nitangoja mimi, na sote tukichota ovyo hakuna atakayepata. Sasa jaribu kumweleza mtu aliyetekwa Nyasa kwa nini mwanawe aliyezaliwa Pemba ni mali. Unaweza kumtisha, unaweza kumzoeza. Sababu huna.

Tazama jinsi utumwa ulivyoondolewa, uone ni nani hasa aliyeulizwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akibanwa na manowari za Waingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja. Kumiliki watu kuliendelea. Mwaka 1897, Unguja ikiwa tayari chini ya ulinzi wa Uingereza, ikatoka amri ya kuondoa utumwa kisheria. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba, na aonyeshe atakaa wapi na ataishi kwa nini, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka 1909. Na fidia ililipwa, kwa mabwana. Serikali ilihesabu hasara ya aliyepoteza mtumwa; hasara ya aliyepoteza maisha yake haikuwa na safu katika daftari. Waliotunga amri ile walijiona wametenda haki kubwa, na kwa sehemu walitenda. Hata hivyo waliyeketi naye meza moja kutafuta masharti alikuwa bwana.

Waliotoka utumwani waliimalizia kazi hiyo wenyewe. Walivaa kanzu na kofia walizokatazwa, wanawake wakajifunga kanga na kuvaa buibui. Huko Kenya, James Mbotela, mwana wa familia ya waliokombolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Unguja alitokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo uliotoka utumwani, ambaye sauti yake ilirekodiwa katika santuri kuanzia mwaka 1928. Alipoimba kisa cha Kijiti, muuaji wa mwanamke aliyekuja Unguja kutembea, hakuishia kumlilia marehemu. Alihoji mahakama iliyowabana wanawake waliotoa ushahidi wakati muuaji amekwisha kuvuka bahari. Mjukuu wa watu waliokuwa hawana neno mbele ya kadhi alikuwa sasa anampima hakimu, na mji mzima ukimsikiliza.

Nimeuita uwezo huu wa kanuni kuelezwa kwa anayeilipia kipimo, lakini kwa haki niseme pia mahali kinapoishia. Mtoto mchanga hawezi kuelezwa kitu. Mtu aliyepotewa na akili, ng'ombe anayevuta mkokoteni, watu watakaozaliwa miaka 100 ijayo na kukuta mito imekauka, wote hao hulipia maamuzi yetu na hawawezi kuitwa mkutanoni. Kwao hatuna ila kujilazimisha kusema kwa niaba yao, na kusema kwa niaba ya mwingine ni kazi yenye vishawishi vingi. Sura ya saba itarudi hapo.

Kuna ugumu mwingine ulio karibu zaidi. Mtu anaweza kuulizwa na akajibu ndiyo, na ndiyo yake isiwe na thamani. Wanauchumi wa michezo ile walilijaribu hili pia: walimnyang'anya mpokeaji haki ya kukataa, mgawaji akawa mwamuzi peke yake. Kiasi kilichotolewa kilishuka. Wengine bado walitoa, na hilo linatia moyo, lakini sehemu ya kile kilichoonekana kuwa uungwana ilikuwa hofu ya kukataliwa. Wenye mashamba wa pwani waliijua hesabu hiyo bila mchezo wowote. Pale ambapo mtumwa angeweza kufika kijiji cha watoro kwa mwendo wa siku chache, bwana alifikiri mara mbili kabla ya kuongeza kazi.

Sasa nataka tuingie jikoni mwetu, maana historia ya mabwana wa karafuu ni rahisi kusoma ukiwa umekaa kwenye kiti ambacho mtu mwingine amekifuta vumbi. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Mwanza kuna msichana aliyetoka kijijini. Huamka kabla ya wote na hulala baada ya wote. Anajua mtoto anaumwa kabla mama yake hajajua. Humwita mwajiri wake mama, naye huitwa dada, na mara nyingi upo upendo wa kweli kati yao, sikatai. Upendo uliokuwapo kati ya mabwana na watumwa wa nyumbani pia haukuwa wote wa kuigiza. Ndiyo sababu upendo peke yake hauwezi kuwa ushahidi.

Wapo watakaosema analishwa, anavishwa, na kwao kuna shida kuliko hapa. Yote huenda ni kweli. Muulize lakini kama mshahara unamtosha, kama analala vya kutosha, kama angependa Jumapili iwe yake. Atainamisha kichwa aseme, "Sina neno, mama." Na mwajiri mwema ataondoka ameridhika, bila kuona kwamba msichana hana mahali pa kulala usiku huo kama angejibu vingine. Simu yake inashikwa na mwajiri "asije akapotea." Mshahara wake hutumwa moja kwa moja kwa baba yake kijijini. Nauli ya kurudi hana.

Dada zao waliokwenda Ghuba wameyaona hayo kwa ukubwa zaidi. Chini ya mfumo wa kafala, ruhusa ya mfanyakazi kuishi nchini imefungwa kwa mwajiri mmoja, na waajiri wengi huichukua pasipoti siku ya kwanza. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kuomba kibali cha mwajiri ili kuhama kazi, na ikawaruhusu wafanyakazi wa ndani pia kutoka nchini bila kibali chake. Mabadiliko hayo hayakumpa mtu yeyote moyo wa huruma. Yalibadilisha kitu kimoja tu, ambacho ni kama mtu anaweza kuondoka, na utekelezaji wake bado unapiganiwa nyumba kwa nyumba.

Nyumbani kwetu hatuhitaji kungoja amri kama hiyo. Mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoisoma, nakala yake ikiwa mikononi mwake. Mshahara katika laini yake mwenyewe. Simu yake mfukoni mwake. Siku ya mapumziko inayojulikana tangu mwanzo, si ya kuombwa. Nauli ya kurudi kwao iwekwe pembeni tangu siku ya kwanza, kwa jina lake, aweze kuichukua bila kueleza sababu. Mwajiri ayatimize hayo, apitishe miezi kadhaa, kisha aulize tena kuhusu mshahara, usingizi na Jumapili, na ajiandae kusikia majibu ambayo hakuyasikia mwanzo.